Matundu Manane

Fundi hakuanza na futikamba. Alinitazama kuanzia kwapani hadi magotini, akaisukuma miwani yake juu ya pua, akaniuliza, "Mkanda utakaovalia uko wapi?"

Nilikuwa nimempelekea kitambaa cha suruali, rangi ya majivu, nimekizungushia gazeti. Mkanda nilikuwa nao kiunoni, nimeufunika kwa shati nililoliacha nje makusudi. Nikapandisha shati. Mzee akacheka kwa pua. "Mwanangu," akasema, "huu ni wa kufungia punda mzigo. Kwenye suruali ya ofisini hauingii."

Sikumbishia. Hilo nilikuwa nimeshalijua wiki mbili kabla, mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza ndefu.

Mkanda ule haukuwa wangu. Baba aliununua Nairobi mwaka 1974, alipopelekwa huko na Shirika la Reli la Afrika Mashariki kwa mafunzo ya miezi michache. Alikuwa karani wa mizigo Tanga, kijana, ana mshahara na hana mtoto wa shule. Picha yake ya mwaka ule ninayo: bugaluu lililobana mapajani na kufunguka chini kama tarumbeta, raizoni miguuni, shati lenye kola iliyolala mabegani, na katikati ya yote hayo, mkanda. Upana wake ni inchi 2 kamili, sentimita 5 na kidogo. Ngozi ya ng'ombe, nene, ya kahawia. Bizimu lake ni la shaba, kubwa kama kasha la kiberiti.

Niseme mapema, kwa kuwa marehemu hayupo kujitetea: kwa suruali ile, mkanda ule ulikuwa sawa kabisa. Bugaluu halikukaa kiunoni. Lilining'inia kwenye nyonga, chini ya kitovu, na ule ukanda wa kitambaa unaozunguka juu ya suruali ulikatwa mpana, na vitanzi vyake vikashonwa virefu. Ngozi ya inchi 2 ilipita humo bila kugombana na mtu. Aliyeshona suruali na aliyekata mkanda walikuwa wanazungumza lugha moja, hata kama hawakuwahi kuonana.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na reli zikagawanywa. Baba akabaki na kazi yake, sasa chini ya shirika la Tanzania. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera. Vita vilipokwisha mwaka 1979, Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Nilikuwa na miaka minane na niliyapokea maneno yale kama yalivyotamkwa. Kila asubuhi nilisimama mlangoni nikimtazama baba akivaa, nihakikishe kwamba amefunga wake, maana nilidhani kuna mtu angepita kukagua.

Miezi ile 18 ilikwisha ikazaa mingine. Baba akaanza kupungua. Mkanda ulitoka dukani na matundu matano, kama mikanda mingi ilivyo. La sita alilitoboa kwa msumari aliouchomeka kwenye mkaa hadi ukawa mwekundu, mimi nikiwa nimemshikia kibatari. La saba sikulishuhudia, nililikuta tu. La nane nalikumbuka kwa harufu. Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, tukipanga foleni ya sabuni alfajiri na foleni ya sukari mchana. Msumari ulipozama kwenye ngozi, moshi ukapanda, na nyumba nzima ikanukia nyama choma. Mdogo wangu akatoka chumbani akiuliza nani amechinja.

Bugaluu lilikuwa limeshakwenda na maji wakati huo. Baba alivaa suruali za kazini za kawaida, na ule mkanda mpana ukaziteka. Juu ya vitanzi kitambaa kilijikusanya kama mdomo wa gunia lililofungwa. Mkia wa mkanda, kwa sababu ya yale matundu mapya, ulizidi kurefuka ukazunguka ubavuni mpaka karibu na mfuko wa nyuma. Wenzake reli walimtania kwamba ana mkia wa nge. Alicheka nao. Suruali nyingine ya kununua haikuwapo, na mkanda mwingine ndiyo kabisa.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1991, nikaenda JKT kama ilivyokuwa sheria, nikarudi nyumbani, nikakaa. Mwaka 1994 nikaitwa kwenye usaili wa kazi Dar es Salaam. Baba alinisindikiza hadi stendi ya mabasi. Konda alipoanza kugonga bodi, mzee akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akafungua mkanda kiunoni mwake, akauvuta wote, akauviringisha, akanipa dirishani. Nikakataa. Akanikazia macho. Nikapokea. Basi lilipoondoka nilimwona amesimama kando ya kibanda cha tiketi, mkono mmoja umeshika suruali, na muuza maembe anamkatia kipande cha kamba ya katani.

Basi mtu aliyeondoka Tanga namna hiyo atavaa mkanda gani kwenye usaili?

Suruali niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba, na ilikuwa nzuri: sufu nyepesi, rangi ya bluu iliyokaribia weusi, marinda mawili mbele, bitana safi. Asubuhi ile nilikaa kitandani kwa binamu yangu Buguruni nikipigana na vitanzi. Vilikuwa vimeshonwa kupokea mkanda wa inchi 1½ kwa shida, na mimi nilikuwa nasukuma inchi 2. Niliikunja ngozi kwa urefu, kama mtu anayekunja karatasi kutengeneza mtumbwi, nikaipitisha kitanzi kimoja kimoja huku nikivuta kwa meno. Baada ya nusu saa ulikuwa umezunguka. Nikachomekea shati, nikafunga bizimu, nikatoka.

Kitanzi cha nyuma kilikatika nilipokuwa naning'inia mlangoni mwa daladala. Nilikisikia kikilia "tap", nikajifanya sikusikia.

Kwenye usaili wenyewe niligundua jambo ambalo kioo hakikunionyesha, kwa sababu mbele ya kioo mtu husimama. Nilipoketi, mkanda ulikataa kuketi nami. Ulikuwa mpana kuliko ukanda wa suruali, kwa hiyo ukingo wake wa juu ulinichoma chini ya mbavu, na wa chini ukakisukuma kitambaa mpaka kikajikunja karibu na zipu. Ukanda wa suruali ukageuka nje, bitana nyeupe ikachungulia. Bizimu likasimama wima katikati ya tumbo, linang'aa kama sahani. Mama mmoja kati ya wale watatu, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alikuwa ananiuliza kuhusu stakabadhi za mizigo. Kila nilipofungua mdomo kujibu, macho yake yalishuka kwenye bizimu, yakapanda, yakashuka tena.

Kazi sikuipata. Siwezi kusema nilinyimwa kwa sababu ya mkanda. Kiingereza changu nacho kilichangia.

Ndiyo maana nikawa nimesimama kwenye baraza ya yule mzee Kariakoo, na kitambaa kipya nilichokopeshwa na binamu. Mzee hakuniuliza habari za usaili. Aliiangua suruali ya mteja mwingine iliyokuwa imening'inizwa ukutani, akaitandaza mezani na kuiwekea futikamba.

"Tazama," akasema. "Hapa juu naweka inchi 1½. Kitanzi nakishona kizidi kidogo juu na chini, kipokee mkanda wa inchi 1¼ vizuri, na mtu mkaidi apitishe wa 1½. Nikitaka kipokee huo wako, lazima nipanue huku juu. Nikipanua juu, zipu inashuka. Zipu ikishuka, mfuko unashuka, paja nalo linabadilika. Nitakapomaliza nitakuwa nimekushonea suruali ya miaka ya sabini. Unaitaka?"

Nikasema sitaki.

"Basi tafuta mkanda kwanza. Watu wananunua suruali halafu wanaokota mkanda wowote. Mkanda ni sehemu ya kipimo." Akachora kwa chaki mistari miwili kwenye ubao wa meza, akanionyesha nafasi kati yake. "Uingie humu, uache kitambaa kionekane kidogo juu na kidogo chini. Usijaze mpaka ukibane, usipwaye mpaka uchezecheze. Basi."

Kisha akaongeza, huku akirudisha suruali ya watu ukutani: "Na nikikushonea mimi, haidondoki hata bila mkanda. Mkanda wa suruali yangu ni heshima tu."

Nililichukulia neno hilo kama majivuno, na majivuno yalikuwemo. Lakini lina hesabu ndani yake, na nimekuwa nikiipiga hesabu hiyo kwa miaka 30. Upana wa mkanda hufuata mzigo. JKT tulivaa mikanda mipana kwa sababu ilining'iniziwa vitu: chupa ya maji, panga, na wakati mwingine mwenzako aliyechoka. Ngozi au turubai pana hutandaza uzito, nyembamba hukata. Polisi mwenye pingu na kirungu hawezi kufunga mkanda wa harusini. Hujaji naye hufunga juu ya ihramu mkanda mpana wenye mifuko, kwa sababu pasi yake ya kusafiria na fedha zake zote zimo humo. Lakini suruali ya kitambaa iliyokatwa kwa mwili wa mwenyewe hukaa yenyewe kiunoni. Mkanda wake hauna cha kubeba. Umekuja kufunga mstari kati ya shati na suruali, na kazi ndogo namna hiyo inataka kitu chembamba.

Wazungu wenyewe waliotuletea suruali hizi walikaa muda mrefu bila mikanda. Suruali zao zilipanda juu ya kitovu na kushikwa na kanda za kupita mabegani. Hata Levi's, jinzi tunazozijua leo kwa mikanda yake, zilishonewa vitanzi vya mkanda mwaka 1922, na vile vifungo vya kanda za mabegani vikaendelea kushonwa pembeni yake hadi 1937. Vitanzi vimeingia kwenye suruali juzi tu. Pwani yetu mshipi una umri mkubwa zaidi kuliko suruali. Bibi yangu hakuwahi kusema "mkanda" maisha yake yote, alisema mshipi, neno lilelile analotumia mvuvi kwa uzi wake, na nilipokuwa mdogo nilidhani baba anajifunga ili samaki wasimtoroke.

Nilifanya kosa la pili siku ileile. Nilitoka kwa fundi nikaingia Mtaa wa Kongo, na kwa kuwa aibu ya upana ilikuwa bado mbichi, nilikimbilia upande wa pili. Nikanunua kwa machinga mkanda mweusi mwembamba, laini, wenye bizimu dogo la rangi ya dhahabu. Nilipoupima baadaye ulikuwa robo tatu ya inchi, hata sentimita 2 haufiki. Niliona nimestaarabika.

Ulipita kwenye vitanzi vya suruali ya mzee kama njia ya mchwa. Ukawa unapanda na kushuka humo ndani unavyotaka: nikitembea, mbele umeshuka, nyuma umepanda. Nikikaza, ulizama kwenye tumbo na ukanda wa suruali ukaukunjia juu. Miezi miwili baadaye nilikuwa nimepata kazi kwa wakala mmoja wa forodha, na dada mmoja mkubwa pale ofisini, aliyekuwa anatugawia chai na maneno, akanitazama asubuhi moja akasema, "Mdogo wangu, na huyo uliyechukua mkanda wake leo kafungia nini gauni?"

Nikarudi kwa mzee. Nikaamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kiunoni, na safari hii hakucheka. Akachukua kipande cha kitambaa, akakikata inchi 1¼ kwa mkasi, akanipa. "Nenda nacho sokoni. Ule unaolingana na hiki ndio wako."

Kipande kile nilikaa nacho kwenye pochi mpaka kikachakaa. Inchi 1¼ ni sentimita 3 na milimita 2. Kwa suruali za ofisini na suti nimeona uzuri uko hapo, kuanzia sentimita 3 hadi 3 na nusu. Nilipokuwa na kilo 60, ya 3 ilinitosha. Sasa tumbo limenitangulia, navaa ya 3 na nusu, kwa sababu mtu mnene akifunga kamba nyembamba huonekana kama furushi. Mikanda ya jinzi huanza inchi 1½ kwenda juu, karibu sentimita 4, na vitanzi vya jinzi vimeshonwa kwa ajili hiyo. Mtu akiuvaa mmoja kwenye suti, hata akiweza kuupitisha, kila anayemtazama atauona mkanda kabla ya kumwona yeye. Bizimu nalo lilingane na ngozi. Niliwahi kuubadilishia mkanda wangu bizimu kwa fundi viatu, akaniwekea la inchi 1½ kwenye ngozi ya 1¼, na ngozi ikawa inateleza upande mmoja siku nzima kama mlevi kwenye kitanda cha wawili.

Urefu sina mengi ya kusema. Ulimi uingie tundu la katikati, la tatu kati ya matano, na mkia upite kitanzi cha kwanza ukaishie hapo. Ukiona unatumia la mwisho, ama mkanda si wako ama mwili si wako.

Nilishika adabu hiyo kwa miaka sita hivi, simu za mkononi zikaja kuivuruga. Vijana wa leo hawataamini, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwanamume mwenye kazi yake alivaa simu kiunoni, ndani ya kipochi cha ngozi chenye klipu, na alipiga hatua kwa namna ya kuhakikisha koti linafunuka upande huo. Yangu ilikuwa Nokia 3310, gramu 133. Hazikuwa nyingi, lakini ongeza kipochi, ongeza funguo za ghala zilizoning'inia kando yake, na mkanda wangu wa heshima ukaanza kuinama upande wa kulia. Ngozi ikajipinda, kipochi kikalala kwa mlalo, suruali ikashuka nyonga moja. Nikafanya walichofanya wote: nikanunua mkanda mpana zaidi, nikausukuma kwenye vitanzi vilevile, nikamwona tena yule kijana wa Buguruni kwenye kioo.

Nilipopita kwa mzee, alikuwa ameshaanza kuona kwa shida na mjukuu ndiye aliyekanyaga cherehani. Akaipapasa simu kiunoni kwangu, akauliza, "Hiki kinakaa hapa kwa nini, na mimi nilikuwekea mifuko minne?"

Sikuwa na jibu. Nikaihamishia mfukoni, na nikarudi kwenye inchi 1¼.

Kununua mkanda wenyewe ni mapambano mengine, na hapa nimepoteza fedha nyingi kuliko kwenye suruali. Upana machinga hatakudanganya, utaupima kwa macho. Atakudanganya ngozi. Mikanda mingi inayouzwa barabarani ni unga wa ngozi uliochanganywa na gundi, ukapakwa juu rangi na plastiki. Ikiwa mipya huwezi kuitofautisha kwa mbali. Miezi minne baadaye inaanza kubanduka palepale inapopindwa, kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya unyevu. Mimi hutazama ukingo: ngozi halisi ni kitu kimoja chenye nyuzinyuzi, ya kughushi ina tabaka kama keki. Huupinda kwa nguvu nione kama uso utapasuka. Na kwenye soko la mitumba la Karume, hutafuta mikanda iliyokwisha kuvaliwa na mtu. Huwa ina kovu kwenye tundu moja, mahali ulimi wa bizimu ulipokaa miaka, na ukiona kovu hilo na ngozi bado nzima, hapo umepata. Nimevaa kwa muda mrefu mkanda wa mtu nisiyemjua, aliyekuwa mwembamba kuliko mimi kwa tundu moja.

Wauzaji wana onyesho lao. Huwasha kiberiti cha gesi na kuupitisha moto chini ya mkanda, "Ngozi hii bosi, tazama, haishiki moto!" Onyesho hilo halithibitishi mengi, maana moto wenyewe hupita kwa sekunde mbili. Lakini mara moja, miaka kama kumi iliyopita, kijana mmoja pale Kariakoo alijisahau akauacha mwali ukakaa. Ngozi ilikuwa ya kweli. Ile harufu ilipopanda, nilisimama katikati ya Mtaa wa Msimbazi watu wakinisukuma, na sikuwa Msimbazi tena. Nilimlipa alichotaka bila kubishana bei. Sijawahi kuuvaa.

Wa baba sikuuvaa tena Dar es Salaam tangu siku ile ya kwanza kwa fundi, na sikumwambia kwa nini. Kila nilipokwenda Tanga niliufunga kwenye begi, nikifika karibu na stendi nauvaa juu ya suruali ya jinzi, anauona, anaridhika. Alikwishajinunulia mwingine mwembamba, na tumbo lilikuwa limemrudia kwa hasira zote za miaka ile. Alifariki mwaka 2009. Nilipokuwa nakunja nguo zake, nilikuta kwenye droo ile kamba ya katani, imeviringishwa vizuri. Au pengine ilikuwa nyingine. Tanga kamba za katani hazihesabiki.

Mwaka jana mwanangu wa mwisho, anayesoma chuo, alikuwa anapekua kabati langu akitafuta tai ya kuazima. Akatoka na ule mkanda. Mitindo ya zamani imerudi, akasema, suruali zinazofunguka chini zimerudi, na kitu kama hiki dukani hakipatikani. Nikamwambia aujaribu. Alikuwa amevaa jinzi lenye vitanzi virefu, akaupitisha taratibu, na inchi 2 zote zikaingia na nafasi ya kucheka ikabaki. Ngozi imekuwa nyeusi kwa umri lakini haijapasuka. Bizimu likakaa pale kwenye nyonga kama lilivyokaa kwenye picha.

Akavuta. Tundu la kwanza, la pili, la tano, bado ulikuwa unapwaya. Akaendelea kwenye yale yasiyolingana, yenye kingo zilizoungua, mpaka la mwisho kabisa, na hapo ulimi ukaingia na mkanda ukamshika sawasawa. Akajitazama kiooni, akageuka huku na huku, amefurahi.

"Kumbe babu alikuwa mwembamba kama mimi," akasema.

"Hapana," nikamwambia. "Babu yako alikuwa mnene."